Oili ya Mbao na Gia ya Nyuma

Jumapili, 16 Machi

Daftari hili ni la binti yangu Syokau. Aliandika hesabu kurasa kumi na moja, kisha mwalimu akataka daftari la aina nyingine, hili likabaki. Nililibeba nilipokuwa narudi Nairobi baada ya Krismasi. Nitaliandika mpaka liishe. Shule niliachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa.

Nimeanza leo kwa sababu ya simu ya mke wangu, Ndanu, kutoka Kitui. Shule imempa Syokau fomu ya kujaza. Mahali pa kazi ya baba ameandika "fundi wa ujenzi".

Mimi si fundi. Mimi ni mtu wa mkono. Fundi ndiye anayepanga mawe, anayepiga plasta, anayefunga vyuma. Mtu wa mkono humchotea maji, humbebea saruji, na jioni humwoshea vyombo vyake. Nimefanya hiyo kazi miaka kumi na miwili, na sasa nina miaka arobaini na mmoja.

"Mwambie afute," nilisema. "Aandike kibarua."

"Ameandika na penseli, Baba Syokau. Fomu inarudishwa mwisho wa Mei. Acha ikae."

Sikujua kama ananicheka au ananipa muda.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi msimamizi wetu, Kibe, alitukusanya mbele ya stoo. Jengo letu hapa Westlands limefika orofa ya tano na kikosi cha vyuma kimepungukiwa na watu.

"Sitaki hadithi," alisema. "Kila mwaka mvua ikianza, nusu yenu mnafiwa na nyanya. Nataka watu wawili wa kufunzwa vyuma. Mwenye atafika kwa geti kabla ya saa moja kasorobo, kila siku ya kazi mpaka mwisho wa Mei, ndiye huyo. Ukichelewa dakika moja, jina inatoka. Mkibaki zaidi ya wawili nitachagua."

Saa za kufika zitaandikwa na Selpher, mlinzi wa lango. Ana saa ya mkononi na saa ya ukutani, na hazipishani hata kidogo. Huyo huwezi kumbembeleza.

Tulijiandikisha kumi na wanne. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye karatasi. Mwisho wa Mei ni mwisho wa Mei, huku na kule Kitui.

Jumanne, 18 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano.

Ninalala Mutuini, chumba cha mabati nyuma ya shamba la majani ya ng'ombe. Kutoka huko hadi Westlands ni mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Mvua ikianza kunyesha magari hukwama Kawangware mpaka watu wanashuka na kutembea, lakini baiskeli hupita. Kwa hiyo wengine wakitegemea bahati, mimi nategemea gia.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, ina gia saba nyuma. Chini ya gia hizo kunaning'inia kitu ambacho mafundi hukiita mkono: chuma kilichopinda chenye vigurudumu viwili vidogo vya plastiki, vyenye meno. Ukibonyeza kwenye usukani, waya huuvuta mkono, nao mkono husukuma cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Mkono ukiwa mzima, unaupanda mpando wa barabara ya James Gichuru ukiwa umekaa. Ukiwa mgonjwa, unashuka na kusukuma.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza. Udongo mwekundu wa Mutuini umejaa kwenye mkono wa gia kama mtu aliupiga plasta. Cheni inalia.

Nimepata dawa. Kazini tuna pipa la oili chafu ya injini. Tunaipaka mbao za kuzuia zege kabla ya kulimimina, ili zege lisigande kwenye mbao. Nikajiuliza: kama inazuia zege kushika mbao, itashindwaje kuzuia tope kushika cheni? Nikajaza chupa. Nikamjazia na Dalmas chupa yake.

Dalmas ni mtu wa mkono kama mimi. Kwao ni Siaya, hapa anakaa Waithaka, na baiskeli yake ni ya gia kama yangu. Kila asubuhi hunisubiri kando ya barabara twende pamoja. Yeye pia jina lake liko kwenye karatasi.

"Mkamba," alisema akipaka, "wewe ni daktari."

Nilirudi nyumbani nikijiona mwerevu sana.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua usiku kucha. Saa ya kufika nitaiandika kwa dakika tu, baada ya saa kumi na mbili. Dakika thelathini na sita. Cheni imenyamaza kabisa. Jina la kwanza limetoka, kijana wa Kangemi, alichelewa dakika nne.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Dakika thelathini na nane. Wamebaki kumi na mmoja.

Ijumaa, 28 Machi

Gia ya tatu haikai. Naiweka, inaruka yenyewe hadi ya nne. Nimeongeza oili.

Jumanne, 1 Aprili

Kwenye mpando wa James Gichuru cheni iliruka nikiwa nimesimama juu ya pedali. Goti lilipiga usukani. Nilisukuma baiskeli nikikimbia katika mvua, viatu vimejaa maji, Dalmas akiniita kutoka mbele. Nilifika dakika arobaini na nne. Bado moja.

Selpher aliandika polepole, makusudi. "Leo umecheza na moto, mzee," alisema.

Jumatano, 2 Aprili

Jioni nilipita soko la Dagoretti, nyuma kidogo ya machinjio, mahali mapikipiki ya nyama yanapopita na masanduku yao. Hapo pana kibanda cha baiskeli ambacho kila mtu hukisifu. Nilimkuta dada mmoja wa miaka thelathini hivi, suruali ya bluu, amekaa juu ya ndoo.

"Fundi ako wapi?" nikauliza.

"Ako hapa."

"Hapa wapi?"

"Unaongea naye."

Anaitwa Maurine. Kwao ni Vihiga. Nitaandika ukweli: nilitaka kuondoka. Nilibaki kwa sababu mvua ilikuwa kubwa.

Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono, akasikiliza. Kisha akainama karibu na ule mkono wa gia.

"Umeipaka nini hii?"

"Oili."

"Oili ya nini?"

"Ya mbao. Ile ya mjengo."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwita mama wa chapati aliye kibanda cha pili. "Debra! Kuja uone mtu ametengenezea cheni simenti!"

Watu watatu walikuja kuona. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Walipoondoka, alichukua msumari, akakwangua ule uchafu mweusi kwenye kigurudumu kidogo, akauweka kwenye kiganja changu. "Sugua na kidole."

Nilisugua. Ulikuwa unakwaruza.

"Hiyo ni msasa, mzee. Oili yenu inashika vumbi ya simenti, mvua inaleta mchanga. Kila ukikanyaga pedali, unapiga meno msasa. Ona hapa."

Meno ya vile vigurudumu yalikuwa yamechongoka kama miiba. Sasa nilielewa. Oili ya mbao inafaa mbao kwa sababu mbao zimetulia. Cheni inatembea, na inatembea pamoja na kila kitu kilichoishika. Mtu wa duka la nguo asingefanya kosa hilo. Lilihitaji mtu wa mjengo.

"Mimi sitakuoshea," Maurine alisema. "Nitakuonyesha mara moja. Ukisahau, shauri yako."

Aliweka vigurudumu vipya. Kisha akanionyesha. Mafuta taa kidogo kwenye mkebe, mswaki mkuukuu, kitambaa kikavu. Unaanza na mkono wenyewe, kwenye viungo vinavyokunja, kisha vigurudumu viwili, kisha cheni, kipande kwa kipande. Unafuta mpaka kitambaa kitoke safi. Halafu mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo cha cheni, unazungusha, unafuta tena ya nje yote. "Mafuta inafanya kazi ndani," alisema. "Ya nje ni ya kuitia vumbi."

Mwisho alinionyesha skrubu mbili ndogo kwenye mkono. Moja huzuia cheni isianguke nje, nyingine huizuia isiingie kwenye spoki. "Mkono ukiendelea kukaa mchafu hivyo, unakuwa mgumu, unapinda. Siku moja kwa mlima unaweka gia kubwa, unaingia kwa spoki. Hapo gurudumu inasimama na wewe unaendelea."

Nikirudi Mutuini nilimfikiria Dalmas. Nitamwambia kesho.

Alhamisi, 3 Aprili

Sikumwambia. Nilitaka kuandika kwamba hatukupata nafasi. Tulikula maharagwe kwenye bakuli moja.

Wamebaki tisa. Wanatakiwa wawili.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya kanisa nilitandaza gunia mlangoni na kuiosha mwenyewe mara ya kwanza. Nilifungua vigurudumu vyote viwili, kimoja juu ya gazeti upande wa kulia, kingine kushoto, nisichanganye cha juu na cha chini. Nilitumia saa mbili na nusu. Mswaki ulikuwa wangu mwenyewe, kesho nitanunua mwingine.

Nilipomaliza, chuma kilikuwa kinang'aa. Majirani walisimama kuona. Nilikaa nikikitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 7 Aprili

Tangu Mutuini kitu kilikuwa kinakwaruza. Nilijifanya sisikii. Nilipokaribia soko la Dagoretti, Maurine alikuwa anafungua kibanda. Alinipigia kelele kabla sijafika.

"Weee! Simama! Cheni umepitisha nje ya ulimi!"

Kumbe kati ya vile vigurudumu viwili kuna ulimi mdogo wa chuma, na cheni hupita upande wa ndani. Mimi niliipitisha nje. Aliitoa na kuirudisha kabla sijafuta jasho.

"Umejuaje kutoka mbali hivyo?"

"Nimesikia. Na wewe ulisikia, sema ulijidanganya."

Dakika arobaini na moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Dakika thelathini na saba. Wamebaki sita.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeosha. Imenichukua dakika arobaini tu. Sasa najua sauti yake. Ikiwa sawa, haisemi kitu, ni mnong'ono mmoja kama mtu anayepeta mchele mbali. Ikiwa waya umelegea, inagonga tiki tiki ikitafuta gia. Hapo unazungusha kile kizungushio mwisho wa waya, robo moja tu, unasikiliza tena. Si nguvu. Mimi maisha yangu yote nimelipwa kwa nguvu, na hapa kuna kazi ambayo nguvu inaiharibu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Sikwenda nyumbani. Ndanu anasema kule mvua ilinyesha siku tano ikakata, ndengu zimeota nusu. Hapa naoga matope, kule wanaangalia mawingu. Niliongea na Syokau. Hakutaja fomu, wala mimi sikuitaja.

Jumanne, 22 Aprili

Tumebaki watatu: mimi, Dalmas, na Mwololo. Mwololo analala nyuma tu ya jengo, anakuja kwa miguu akitafuna mkate. Huyo hawezi kuchelewa. Nafasi iliyobaki ni ya mmoja kati yangu na Dalmas.

Asubuhi cheni ya Dalmas ilikuwa inalia njia yote.

"Mkamba, yako mbona hailii?"

"Naiosha."

"Na nini?"

"Mafuta taa."

Alicheka. "Mafuta taa ni ya stovu, omera. Mimi nimeongeza ile dawa yako jana."

Hapo ndipo ningesema. Nilikanyaga pedali. Nilimpa nusu ya ukweli, ile isiyonigharimu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Dakika thelathini na sita. Sisi watatu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nilienda kwa Maurine kununua waya mpya wa gia. Nilimkuta na wateja wanne, nikasema bila kufikiria, "Fundi, habari ya leo?" Akaniangalia kidogo, akaendelea na kazi. Mwezi mmoja uliopita nilikuwa namtafuta fundi nyuma yake.

Aliniacha nifunge waya mwenyewe kwa vyombo vyake. Nilipomaliza, alinipa kifaa chake kizee cha kukatia cheni, kile chenye sindano ya kusukuma pini. "Chukua. Mimi nilinunua ingine. Safari yako ni mrefu."

Halafu akauliza, "Hiyo oili ya mjengo, hukupea mtu mwingine?"

"Hapana," nikasema.

Sijui kwa nini nimdanganye yeye, ambaye hata hamjui Dalmas.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua kubwa. Maji ya Kawangware yalifika kwenye pedali. Dakika arobaini. Nimechoka mpaka mifupa. Nikilala naona Selpher akiandika.

Jumatatu, 12 Mei

Dakika thelathini na tisa.

Jumanne, 13 Mei

Leo nitaandika yote.

Nilimkuta Dalmas mahali petu, tukaondoka. Mvua haikuwa kubwa, ni ile ya kunyunyiza. Cheni yake ililia hadi mwenye duka la maziwa akageuka. Tulikuwa na wakati mzuri. Chini ya mpando wa James Gichuru aliangalia saa akasema, "Leo tutampata Selpher akichana nywele."

Alikuwa mbele yangu hatua kama ishirini. Nikamwona akisimama juu ya pedali, na kidole chake kikibonyeza gia kubwa. Nikasikia tak. Sauti ndogo, kama kijiti kikavu. Gurudumu la nyuma likasimama na Dalmas akaendelea, kama Maurine alivyosema. Alianguka ubavu, gari dogo likamkwepa.

Nilimfikia. Alikuwa amekaa kwenye tope akishika kiwiko. Mkono wa gia ulikuwa ndani ya spoki, umekatika pale unaposhikana na fremu.

"Wewe pita!" akasema. "Pita, Mkamba! Kibe atafunga geti. Mmoja wetu aingie."

Nilikuwa nimeshika breki, mguu mmoja chini. Naandika hili ili Syokau akilisoma siku moja asidhani baba yake alikuwa malaika: nilihesabu. Nilihesabu dakika zilizobaki na nikaona kwamba nikipita, jina lake linatoka leo na langu linabaki na la Mwololo. Watu wawili, nafasi mbili. Na yeye mwenyewe ndiye anayeniambia nipite.

Ila anayesema hivyo hakujua anamwambia nani.

Nilishuka. Nilipindua baiskeli yake, usukani chini, magurudumu juu.

"Unafanya nini? Nimekwambia pita!"

"Ni mimi," nikasema. "Ile oili niliyokupa ndiyo imefanya hivi. Inasaga meno na kupindisha mkono. Niliambiwa na fundi."

Mvua ilikuwa inamtiririka usoni. Mimi nilifungua mfuko na kuanza kazi, kwa sababu nikinyanyua macho ningeshindwa.

Nilivuta mkono kutoka kwenye spoki. Spoki mbili zilikuwa zimepinda, nikazinyoosha kwa koleo la kuazima ambalo niliondoka nalo kazini jana kwa kusahau. Mkono haukuwa wa kurudi. Nikatoa kifaa cha Maurine, nikasukuma pini, nikakata cheni. Nikaitoa kwenye vile vigurudumu, nikaipima moja kwa moja juu ya gia ya katikati, nikaondoa vipande vya ziada, nikaiunga tena. Sasa baiskeli ilikuwa na gia moja, kama baiskeli za zamani. Ule mkono uliovunjika ulikuwa bado unaning'inia kwenye waya wake. Mfukoni nilikuwa na waya wa kufungia vyuma, ule tunaouokota chini kila siku. Nikaufunga mkono kwenye fremu, mbali na spoki, fundo la msalaba, nikasokota na koleo, nikakunja ncha ndani zisimchome mguu.

"Panda," nikasema.

Alipanda. Tulikwenda. Cheni yake ilizunguka bila kelele.

Lango lilikuwa limefungwa. Selpher aliangalia saa ya mkono, akaangalia ya ukutani, nikaona wazi kwamba leo alitaka zipishane. "Saa moja kasoro dakika sita," alisema kwa sauti ndogo.

Kibe alikuwa nyuma yake na karatasi. Aliona tope mpaka kwenye masikio yetu. Hakuuliza.

"Rudini kwenu. Kesho mje kama watu wa mkono. Majina nimetoa."

Tulirudi tukisukuma baiskeli. Tulifika Kawangware ndipo Dalmas akafungua mdomo.

"Ulijua tangu lini?"

"Aprili, tarehe mbili."

Alihesabu kwa vidole kwenye usukani. "Wiki sita, Muasya." Hakuniita Mkamba, aliniita kwa jina langu. Akapanda baiskeli yake ya gia moja akaniacha.

Jumatano, 14 Mei

Hakunisubiri Waithaka. Nilimkuta kazini. Alikula na Mwololo.

Alhamisi, 15 Mei

Mchana nilikuwa nachota maji nikamwona Kibe ameinama pale tunapoweka baiskeli, anaangalia ya Dalmas. Aliutikisa ule mkono uliofungwa kwa waya. Haukusogea. Akaja kwangu.

"Nani alifunga ile waya?"

"Mimi."

"Ncha umekunja ndani. Nani alikufunza?"

"Hakuna. Nimewabebea mafundi vyuma miaka kumi na miwili. Mikono ilikuwa na mzigo, macho hayakuwa na kitu."

"Jina yako nilitoa."

"Najua."

"Haitarudi kwa karatasi."

"Sijauliza."

Akaenda zake. Kwa kweli jibu hilo lilinifurahisha jioni yote, hata kama halikunisaidia.

Jumapili, 18 Mei

Nimetandaza gunia mlangoni, mswaki mkononi, nikasikia mtu anasukuma baiskeli kwenye njia. Dalmas. Chini ya kwapa alikuwa na mkono wa gia mwingine wa mtumba, umefungwa kwa gazeti.

"Uliniharibia," alisema. "Sasa utatengeneza."

"Ingia unywe chai kwanza."

"Chai yenyewe si ya oili ya mbao?"

Nilicheka, yeye akajizuia, kisha akashindwa. Hatukuongea zaidi ya hapo kuhusu jambo lile. Sidhani ameliacha. Nadhani ameliweka mahali.

Lile sikio la chuma linaloshikilia mkono lilihitaji kunyooshwa kwa kifaa maalum, tukaenda kwa Maurine. Nilimwambia palepale: fundi, nilikudanganya, nilimpa mtu ile oili, mtu mwenyewe ndiye huyu. Alimtazama Dalmas, akatazama spoki. "Pole, baba," akamwambia Dalmas. Alilinyoosha lile sikio, kisha akaninyooshea bisibisi.

"Ya kuseti utaseti wewe."

Nilichuchumaa nyuma ya gurudumu, jicho moja limefumbwa, nikaangalia kama vigurudumu viwili na gia viko kwenye mstari mmoja. Nikafunga waya. Nikakaza skrubu ya spoki mpaka cheni ikafika gia kubwa ikaishia hapo, haiwezi kwenda mbele hata ukiisukuma kwa kidole. Nikazungusha robo, nikasikiliza. Robo tena. Tiki tiki ikaisha. Nikapandisha gia zote saba nikazishusha.

Nilipoinua kichwa Maurine hakuwa anaangalia. Alikuwa amegeuka anakula chapati kwa Debra, mgongo kwangu. Mtu kama yule akisikia kosa hawezi kula. Nilisimama nikajinyoosha mgongo. Sikumbuki mara ya mwisho niliposimama wima hivyo.

Jumatatu, 19 Mei

Dalmas alinisubiri Waithaka. Tulipanda James Gichuru tumekaa, wote wawili, kimya kabisa, cheni mbili zikinong'ona. Dakika thelathini na tatu. Hakuna anayeziandika tena, lakini Selpher alizitaja.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imepungua. Watu wa kazini wameniletea baiskeli nne za kuosha wakati wa chakula. Nimekataa kuwaoshea. Nawaonyesha mara moja. Na lile pipa la oili nimeliandikia kwa chokaa: YA MBAO TU.

Jumatano, 28 Mei

Jua kali, la kwanza baada ya wiki nyingi. Ukurasa huu ni wa mwisho kasoro mmoja.

Zege la orofa ya sita linamiminwa Ijumaa na vyuma havijafungwa hata nusu. Mwololo anajifunza, lakini mtu mmoja ni mmoja. Tangu asubuhi Kibe alikuwa juu akipiga kelele. Mimi nilikuwa chini nachunga mchanga.

"Fundi!" akaita.

Niliendelea kuchunga. Hapo chini kulikuwa na mafundi wa mawe wawili na seremala.

"Fundi! Wewe!"

Seremala akanigusa bega. "Unaitwa."

"Anaita fundi."

"Anakuangalia wewe."

Niligeuka. Kibe alikuwa ameinama ukingoni, koleo mkononi, na kweli alikuwa ananiangalia mimi.

Nilipanda. Alinipa koleo na kifungu cha waya, akanionyesha mstari wa kuanzia. Nilifunga hadi saa kumi jioni. Fundo la msalaba, sokota, kunja ncha. Mikono iliuma mahali ambapo haijawahi kuuma. Kibe alipita juu ya mstari wangu akikanyaga kila fundo kwa kiatu. Nilisikiliza. Nimezoea kusikiliza vyuma sasa. Hakuna kilichogonga.

"Kwa karatasi bado haumo," alisema.

"Sawa."

"Kesho kuja na koleo yako."

Dalmas, ambaye alikuwa amepandisha maji, alisikia. Alitua ndoo. Niliona kitu kikipita usoni mwake, na nadhani nakijua, kwa sababu kimenikaa mimi wiki sita. Kisha akasema, "Fundi, maji niweke wapi?" kwa sauti ya kutosha ili wote wasikie. Nimemwambia jioni, njiani, kwamba kila nitakachofundishwa juu nitamwonyesha siku hiyohiyo, chote, si nusu. Amesema tutaona.

Nilipofika nyumbani niliosha mkono wa gia ingawa leo si Jumapili, vumbi la kiangazi limeshaanza. Halafu nikampigia Ndanu. Aliniuliza kama kuna shida, kwa kuwa sipigi Jumatano.

"Ile fomu bado iko?"

"Iko. Anairudisha Ijumaa."

"Penseli haijafutika?"

"Haijafutika, Baba Syokau."

"Mwambie apitishe kalamu."